Ufunguo wa siri uliopita mikononi mwa fundi si wa siri tena

Swali: Mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni mhasibu wa kujitegemea hapa Mwanza na barua pepe zangu ninazisoma kwa Thunderbird. Fundi aliniwekea OpenPGP, mfumo wa kusimba barua (kuzifunga zisisomwe na wengine) na kuzitia saini: alitengeneza funguo kwenye kompyuta yake, akanitumia faili kwa WhatsApp, kisha akanielekeza nimpe kila mteja faili hilo hilo ili tuandikiane kwa siri. Wateja wawili wamelipakia, na barua zao zinanifikia zikiwa zimesimbwa. Mteja wangu wa Nairobi naye ana ufunguo wake na ametia saini barua zake, lakini kwangu saini hiyo inaonyesha alama ya kuuliza. Fundi anasema nibonyeze kukubali, nayo itaondoka. Je, nibonyeze?

Jibu: Usibonyeze kwanza. Katika mpangilio wote uliowekewa, alama hiyo ya kuuliza ndiyo inayokuambia ukweli, nami nitairudia baada ya kushughulikia lile faili, ambalo ni tatizo kubwa zaidi.

Lifungue faili hilo kwa Notepad na usome mstari wa kwanza. Ukikuta maneno PGP PUBLIC KEY BLOCK, una ufunguo wa umma, ule wa kufungia barua unazoandikiwa na kuhakiki saini yako, ambao unaweza kumpa mtu yeyote bila wasiwasi. Ukikuta PGP PRIVATE KEY BLOCK, na kwa maelezo yako ninatarajia hayo ndiyo utakayoyakuta, basi umewagawia wateja wako ufunguo wa siri, ule wa kuzifungua barua hizo na kutia saini. Mteja wa kwanza akizipata barua ulizoandikiwa na mteja wa pili, anaweza kuzifungua, na kila mmoja wao anaweza kutia saini kwa jina lako. Thunderbird pia huzisimba barua unazotuma kwa ufunguo wako mwenyewe, ili uweze kuzisoma tena kwenye kabrasha la zilizotumwa, kwa hiyo hata zile ulizoandika wewe zinafunguka kwa faili hilo. Fundi wako anayaweza hayo yote bila kumwomba mtu. Kama faili lilikuwa na nenosiri, nadhani nenosiri hilo lilikuja katika mazungumzo yale yale ya WhatsApp.

Atakujibu kwamba WhatsApp nayo husimba ujumbe. Ni kweli, ila hatari haikuwa njiani. Faili limebaki kwenye kompyuta yake, kwenye simu yake na kwenye simu za wateja, pamoja na nakala rudufu ambazo hakuna anayezikumbuka. Ni sawa na mchonga mihuri aliyekutengenezea muhuri wa ofisi, akabaki na wa pili dukani, kisha akakushauri uwagawie wateja mingine.

Kwa hiyo tengeneza jozi mpya ya funguo wewe mwenyewe, kwenye kompyuta yako, kwa kutumia kidhibiti cha funguo kilichomo ndani ya Thunderbird. Tangu toleo la 78 la mwaka 2020, OpenPGP imo ndani ya programu hiyo, wala huhitaji kiongezi cha Enigmail ambacho mafundi wengi bado wanakitajia bei. Weka nenosiri kuu la programu, hifadhi nakala ya ufunguo wa siri kwenye flashi utakayoifungia kabatini, kisha batilisha ufunguo wa zamani na uwatumie wateja taarifa ya ubatilisho pamoja na ufunguo mpya wa umma. Ule wa zamani usiufute, maana bila huo hutaweza kusoma barua zilizosimbwa kwa ufunguo huo. Hata hivyo, ubatilisho unazuia matumizi ya kesho tu. Orodha za mishahara na taarifa za benki zilizokwisha kutumwa zichukulie kuwa zinaweza kusomwa na yeyote mwenye faili lile na nakala ya barua hizo, na wateja wako wanastahili kuambiwa hivyo.

Sasa alama ya kuuliza. Thunderbird inakuambia kwamba barua imetiwa saini kwa ufunguo fulani, lakini wewe hujatamka kama unaamini kwamba ufunguo huo ni wa mteja wako. Mtu yeyote anaweza kutengeneza ufunguo wenye jina na anwani ya mteja huyo kwa muda mfupi, na hakuna kitu ndani ya programu kitakachomzuia. Fungua maelezo ya ufunguo uone alama yake ya utambulisho, ambayo kwa funguo nyingi zinazotumika leo ni herufi na tarakimu 40. Mpigie mteja kwa namba uliyokuwa nayo siku zote, si ile iliyoandikwa chini ya barua, naye akusomee alama ya ufunguo wake kutoka kwenye kompyuta yake huku wewe ukifuatisha nne nne. Zikilingana zote, chagua jibu linalosema kwamba umeuhakiki. Thunderbird inalitenganisha jibu hilo na lile la kukubali bila kuhakiki, na fundi anayekuambia uchague lolote ili alama iondoke anakuondolea onyo tu.

Hapo ndipo penye dhana inayonichosha kuliko zote: kwamba kufuli na tiki ya kijani ndiyo usalama wenyewe. Saini ya kidijitali inathibitisha kuwa barua haikubadilishwa tangu ilipotiwa saini, na kuwa aliyeitia alikuwa na ufunguo fulani wa siri. Mwenye ufunguo huo ni nani, programu haijui mpaka wewe uhakiki. Kwa S/MIME, mfumo mwingine wa kusimba na kutia saini barua pepe, kazi hiyo hufanywa na mamlaka inayotoa vyeti. Kwa OpenPGP ni yako, na haichukui zaidi ya simu moja. Mhasibu anayepokea barua ya kubadilisha akaunti ya malipo anapaswa kuwa mtu wa mwisho kuiruka hatua hiyo.

Wako pia wanaouza picha ya saini iliyopigwa skani na kubandikwa juu ya PDF, wakiiita saini ya kidijitali, ingawa yeyote aliyepokea waraka mmoja anaweza kuikata na kuibandika kwenye mwingine. Iko mitandao inayojitolea kukutengenezea funguo ndani ya kivinjari, au inayokuomba ubandike ufunguo wa siri ili "ikukague". Hapa Tanzania, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, inapoeleza saini ya kielektroniki iliyo salama, inataka pamoja na mengine iwe chini ya udhibiti wa anayeitia. Sijui ungemjibu nini wakili anayekuuliza, mbele ya hakimu, ni watu wangapi walikuwa na ufunguo wako siku hati inayobishaniwa ilipotiwa saini. Fundi anaweza kukaa kando yako akakuelekeza pa kubonyeza, na alipwe kwa kazi hiyo. Akitaka kuondoka na kompyuta yako, au akuletee funguo zikiwa tayari, tafuta mwingine.