Kumi bora wa mtihani si lazima wawe ndio wenye vipaji

Mwalimu mwenzangu, umesema una darasa la sita lenye wanafunzi zaidi ya 70, na unataka kuwachukua kumi bora wa mtihani uwape masomo ya ziada jioni. Jioni waache wakacheze. Wape kazi tofauti ndani ya vipindi vilevile.

Mwaka 1978 mtaalamu wa elimu Joseph Renzulli wa Marekani alitaja mambo matatu yanayounda kipaji: uwezo ulio juu ya wastani, ubunifu, na kujituma. Mtihani wa kuchagua herufi hauoneshi hayo mawili ya mwisho, kwa hiyo mtazame vizuri yule mtundu anayefungua redio mbovu nyuma ya darasa.

Kabla ya kuanza mada ya eneo kwenye hisabati, toa maswali matano ya mwisho wa mada. Anayeyapata asirudie mazoezi yote. Apime uwanja wa shule, auchore kwa skeli, kisha akadirie gharama ya kuuzungushia uzio. Ila usimgeuze msahihishaji wa madaftari yako (najua inavyoshawishi!).

Shule za sekondari za wenye vipaji, kama Ilboru na Mzumbe, ni za baadaye, tena huchukua wachache. Mwalimu mkuu akiuliza bajeti, mwambie futikamba moja na karatasi za manila.