Huyo mdudu wa kwenye taa ni siafu dume
Kaka, mdudu mnene wa kahawia uliyemkuta akigongagonga taa ya baraza huko Nyegezi baada ya mvua si nyigu. Ni siafu dume. Kumkosea ni rahisi: hata Linnaeus, yule mwanasayansi wa Uswidi aliyeweka mfumo wa kuwapa viumbe majina, alipomwandika jamaa mmoja wa mdudu huyu mwaka 1764, alimweka kwenye nyigu! Dume ana mabawa na macho makubwa, ilhali siafu wafanyakazi unaowaona wakikata njia kwa msafara ni vipofu kabisa. Wanafuatana kwa harufu. Na usimwogope, mwiba hana, kwa kuwa mwiba wa chungu ni kiungo cha kutagia kilichobadilika, na dume hatagi. Tafadhali usimuue.

Siafu ni jenasi (kundi la spishi zinazokaribiana) ya Dorylus, iliyo ndani ya kundi kubwa zaidi la chungu, nusufamilia ya Dorylinae. Zamani chungu wa misafara wa Amerika walitengwa na hawa wetu, lakini mwaka 2014 wakaunganishwa. Naona ni sawa, maana malkia wao hawana mabawa, wanawinda kwa kundi na wanahamahama vilevile.

Kinachonishangaza zaidi ni hiki: dume akitua karibu na msafara, wafanyakazi humng'oa mabawa na kumburuta hadi kiotani kwa malkia kijana.