Kabla ya kununua kiyoyozi kikubwa zaidi

Dada yangu, umeeleza kwamba nyumba yako ya Dar es Salaam imeezekwa kwa bati na ina dari ya jipsamu, kwamba kiyoyozi cha chumbani hufanya kazi mchana kutwa na umeme wa LUKU unaolipiwa kabla unaisha upesi, nawe unauliza kama ununue kikubwa zaidi. Nakusihi usinunue kwanza. Bati linalopigwa na jua hushusha joto jingi, na jipsamu ni nyembamba mno kulizuia. Kwa hiyo fundi atandaze juu ya dari blanketi la nyuzi za kioo, likiwa kavu na bila kukandamizwa, kwa kuwa hewa iliyonaswa ndani yake ndiyo inayozuia joto. Avae glavu na barakoa, na matundu ya hewa ya paa ayaache wazi. Kisha, siku yenye upepo, funga madirisha na upitishe kijiti cha udi kinachofuka kwenye kingo za fremu za alumini na chini ya mlango: moshi unapoyumba, hewa inapenya hapo, kwa hiyo pazibwe kwa silikoni au mpira wa mlango. Jikoni, hata hivyo, usipazibe kabisa, hasa kama unatumia mkaa, kwani gesi yake ya sumu haina harufu na huua.