Kukimbia Avignon kwa asubuhi moja

Ndugu, umeuliza utaionaje Avignon, mji wa kusini mwa Ufaransa, kwa kukimbia ukiwa na asubuhi moja tu. Anza na ukuta wa mji wa karne ya 14. Mzunguko wake ni kama kilomita 4.3, na ukiufuata kwa nje hupotei. Toka kabla ya saa 1, magari hayajajaa barabara ya kandokando.

Ukifika upande wa mto Rhône, panda Rocher des Doms, kilima cha mwamba. Ngazi zinachosha, zipande kwa kutembea. Juu utaliona daraja la Saint-Bénézet, lililobaki na matao 4 kati ya 22. Mbele ya Palais des Papes, kasri la mapapa, punguza mwendo: mawe yamelainishwa na nyayo, yakilowa yanateleza vibaya, hasa kwa soli ngumu.

Kisha vuka daraja la Daladier uingie kisiwa cha Barthelasse, tambarare na tulivu. Hapo angalia mistral, upepo mkali wa kaskazini. Ukabili kwanza ukiwa na nguvu, urudi ukikusukuma mgongoni. Wanaogeuza mpango huo huukuta usoni wakiwa wamechoka, jasho limewapoa, na baridi inawapiga kwelikweli.

Julai kuna tamasha la michezo ya kuigiza. Mchana vichochoro vya ndani havikimbiliki.