Kijana wangu anaongea na AI usiku, mimi hanisemeshi

"Shikamoo Shangazi. Mwanangu wa kiume ana miaka 16, yuko kidato cha tatu. Saa sita usiku nilimkuta na simu yangu, anachati na AI ya WhatsApp, ile akili mnemba inayojibu maswali. Nikajua anafanyiwa hesabu. Kusoma, nakuta ameandika: 'Nikisimama kusoma mbele ya darasa sauti inakwama, nifanyeje?' Nilimnyang'anya simu. Siku ya nne leo haniongeleshi. Nimekosea wapi? – Mama wa Mwanga, Kigoma."

Marahaba, mwanangu. Simu ni yako na usiku ulishakuwa mkubwa, kuichukua si kosa. Ila ulichosoma hakikuwa wizi wa majibu. Ilikuwa aibu iliyokosa wa kuambiwa.

Wazazi wengi tunaona AI ni ya kunakilia kazi za shule basi. Marekani, utafiti wa Common Sense Media wa 2024 ulikuta vijana saba kati ya kumi wameshaitumia. Kwa wazazi wa hao waliotumia, asilimia 37 tu ndio waliodhani mtoto wao ameshaitumia. Na vijana hawaulizi masomo peke yake. Wanauliza chunusi, hedhi, mapenzi, ugomvi wa nyumbani. AI haichoki, haicheki, haipeleki habari kwa mama mdogo. Lakini ina tabia ya kukubaliana na anayeiandikia. Kijana akisema "wote wananicheka", yaweza kumpoza tu, wakati mwalimu angemuuliza: nani, na lini?

Kwa hiyo anza na sauti, simu baadaye. Mkiwa mnachambua dagaa, kila mtu macho kwenye ungo, mwambie: "Nilisoma maneno yako bila ruhusa, nisamehe. Huwa inakwama neno lipi?" Halafu nyamaza, hata kimya kikirefuka. Kila jioni akusomee dakika tano ukipika, na usimsahihishe. Baada ya wiki mbili, muombe mwalimu wa darasa ampe aya moja fupi, aliyoambiwa tangu jana yake.

Simu irudi kwa masharti. Saa tatu usiku inalala chumbani kwako. Tena mweleze jambo ambalo hata watu wazima hawalijui: ujumbe wa WhatsApp kwa rafiki husomwa na wao wawili tu, ila anaoiandikia AI unafika kwa kampuni yenye WhatsApp. Asiweke jina kamili, shule, picha, wala ugonjwa wa mtu wa nyumbani.

Hesabu nazo zina utaratibu wake. Afanye kwanza kwenye daftari, kisha aandike: "Nionyeshe nilipokosea, usinipe jibu." Akielewa, afunike simu, abadilishe tarakimu, arudie mwenyewe. Kama swali lilikuwa 3x − 7 = 11, ajipe 5x − 4 = 21. Akikwama hapo, hakuelewa, alinakili, na chumba cha mtihani hakina simu. Alinganishe pia na kitabu, kwa sababu AI hupanga maneno yanayoelekea kufuatana. Yaweza kuandika hatua safi kabisa zikaishia kwenye jibu baya, bila kusita.

Usimpekue kila siku, atahamia simu ya rafiki. Lakini ukiona ameandika habari ya kujidhuru, au kwamba kuna mtu anamshika asivyotaka, usingoje jioni ya dagaa. Kaa naye saa hiyohiyo, na upige 116, Simu kwa Mtoto. Ni bure.