Ukirudi kwenye Upenzi wa Kurunzi, Anza na Betri Ulizoziacha

Mtu anayerudi kwenye upenzi wa kurunzi baada ya miaka mingi hukutana kwanza na matangazo ya kurunzi ndogo, fupi kuliko kiganja cha mkono, zinazodaiwa kutoa maelfu ya lumeni, yaani kipimo cha jumla ya mwanga unaotoka, na papo hapo huona kwamba vyote alivyokuwa navyo vimepitwa na wakati. Mimi nilirudi baada ya kukaa kando kwa muda mrefu kwa sababu ya kazi na malezi, na ushauri ninaowapa wenzangu wanaorudi ni huu: usinunue chochote kabla hujazikagua betri za zamani, na wakati wa kununua ukifika, tazama rangi ya mwanga kabla ya kutazama idadi ya lumeni.

Betri ndizo zinazoamua kama kurunzi ya zamani itaishi au itakufa. Betri za alkali zikiachwa ndani ya kurunzi kwa miaka huvuja potasiamu hidroksidi, ambayo hula springi, swichi na hata mwili wenyewe wa alumini. Kurunzi nyingi za Maglite za betri kubwa za D, ambazo asili yake ni California mwaka 1979, zimeharibika kwa namna hiyo, ingawa umbo lake lingeweza kudumu vizazi viwili. Vaa glavu, linda macho, kisha pangusa uchafu mweupe kwa kitambaa kilicholowa siki kidogo, kwa kuwa asidi ya siki huituliza alkali. Pangusa tena kwa maji machache na uache pakauke kabisa. Betri za nikeli zinazochajika, kama Eneloop ambazo Sanyo ilizileta mwaka 2005, huvumilia zaidi, na mara nyingi hurudisha sehemu kubwa ya uwezo wake baada ya kuchajiwa na kutumiwa mara chache.

Betri za lithiamu zinazochajika zinahitaji uangalifu mkubwa zaidi, na hapa naomba msomaji asiharakishe. Chukua mita ya umeme na upime kila betri kabla ya kuigusisha na chaja. Betri ya aina hiyo iliyojaa husoma volti 4.2, na iliyohifadhiwa vizuri husoma karibu volti 3.7. Ile iliyoshuka chini ya volti 2.5 na kukaa hivyo kwa miaka usijaribu kuifufua, hata kama chaja yako inajigamba kwamba inaweza. Betri ikiisha kupita kiasi, shaba iliyomo ndani huweza kuyeyuka na baadaye kuunganisha pande mbili zisizopaswa kugusana, na hitilafu hiyo hujitokeza wakati wa kuchaji. Kagua pia ganda lake la plastiki. Mwili wote wa chuma ni upande hasi mpaka karibu kabisa na kichwa chanya, kwa hiyo mchubuko mdogo pale juu unatosha kusababisha shoti. Betri utakazozikataa zifunge ncha kwa utepe wa plastiki, wala usizitupe motoni au kwenye takataka za jikoni. Zilizosalimika zichaji ukiwa umekaa karibu nazo, na yoyote inayopata joto kali iondoe.

Ukihitaji mpya, jihadhari na maandishi ya ganda. Betri ya 18650, yaani yenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, kwa kawaida haibebi zaidi ya mAh 3,600 hivi (mAh ni kipimo cha kiasi cha umeme ambacho betri hubeba) hata ikiwa imetengenezwa na kiwanda bora, lakini kwenye meza za mitaani utaziona zimeandikwa 9,900. Maandishi hayo ni uongo, na betri zenyewe mara nyingi ni nyepesi mno zikilinganishwa na ya kweli, ambayo huwa na uzito wa gramu 45 au zaidi kidogo. Mizani ndogo ya jikoni itakufaa kuliko maneno ya muuzaji.

Jambo lililobadilika zaidi wakati hatukuwepo ni ukubwa wa betri. Ile ya 21700, ambayo ni pana na ndefu zaidi, imeenea katika kurunzi za mkononi na hubeba mAh 5,000 kwa kawaida. Chaja yako ya zamani huenda isiwe na nafasi ya urefu huo. Kurunzi nyingi za sasa zina tundu la USB-C na huchajiwa bila kutoa betri, jambo ambalo ninalipenda kwa mtu anayesafiri, ingawa mimi bado napendelea chaja ya nje inayoonyesha volti. Kuna pia betri ya lithiamu ya 14500 iliyo na umbo sawa na la AA. Usiitie katika kurunzi iliyotengenezwa kwa AA pekee, kwa sababu volti zake ni zaidi ya mara mbili ya zile za betri ya kawaida na zinaweza kuunguza saketi mara moja.

Kuhusu lumeni, kumbuka kipimo cha FL1, yaani utaratibu wa kupima kurunzi, kilichowekwa Marekani mwaka 2009. Kwa kipimo hicho, mwanga hupimwa kati ya sekunde 30 na dakika 2 baada ya kuwasha, na muda wa kuwaka huhesabiwa mpaka mwanga ushuke hadi asilimia 10 ya ule wa mwanzo. Kurunzi ndogo ya lumeni elfu kadhaa hupata joto upesi na kujipunguza yenyewe, wakati mwingine kabla ya dakika mbili kuisha, hivyo namba kubwa kwenye boksi haielezi utakachokipata ukitembea njiani kwa nusu saa. Tafuta mchoro unaoonyesha jinsi mwanga unavyoshuka kadiri dakika zinavyopita. Jicho nalo halipokei mwanga kwa hesabu ya moja kwa moja, kwani inahitajika karibu mara nne ya lumeni ndipo mtu aone kama mwanga umeongezeka maradufu. Umbali ni suala la kandela, yaani ukali wa mwanga unaoelekezwa upande mmoja: kandela 10,000 hufika mita 200, na ili kufika mita 400 unahitaji 40,000. Ndiyo maana kurunzi yako ya zamani yenye kiakisi kirefu inaweza kumulika mbali kuliko mpya yenye lumeni nyingi zilizotawanyika.

Sasa nifike kwenye rangi, ambayo kwangu ndiyo sababu halisi ya kurudi. LED nyeupe kwa kawaida ni LED ya buluu, ile iliyowapa Akasaki, Amano na Nakamura tuzo ya Nobel mwaka 2014, iliyofunikwa kwa unga maalumu (kwa Kiingereza phosphor) unaobadilisha sehemu ya ubuluu kuwa rangi nyingine. Katika LED nyingi tulizozijua zamani sehemu nyekundu ilikuwa haba, mwanga ukaegemea ubuluu, na chini yake nyanya mbivu, udongo, mbao na ngozi ya binadamu vilionekana kama vimepauka. Leo kuna LED kama Nichia 519A ambazo kipimo chake cha uaminifu wa rangi kinazidi 90 kwa 100, na tofauti yake inaonekana hata kwa asiyejua lolote kuhusu kurunzi. Fundi umeme anayetafuta waya wa kahawia kati ya nyaya nyekundu ndani ya boksi lenye giza, mama anayekagua kidonda cha mtoto umeme ukiwa umekatika, na mtu anayechagua samaki sokoni alfajiri, wote wanahitaji rangi ya kweli kuliko wingi wa mwanga. LED hizo hutoa lumeni pungufu kidogo kwa umeme uleule, na mimi naziona lumeni hizo kuwa gharama ndogo sana. Kwa matumizi ya nyumbani chagua kati ya Kelvini 4,000 na 5,000; Kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga, na namba ikiwa ndogo mwanga huwa wa manjano zaidi. Usiku sana, Kelvini 3,000 hupumzisha macho, na tena mwanga huo wa joto huvuta wadudu wachache kuliko mweupe wenye ubuluu.

Vidhibiti vya sasa vinaweza kumtisha mgeni, hasa programu ya Anduril ambayo huendesha mambo mengi kwa kitufe kimoja. Jifunze mambo machache tu kwanza: kubonyeza mara moja kuwasha au kuzima, kushikilia ili kupandisha au kushusha mwanga, na kubonyeza mara nne ikiwa imezimwa ili kuifunga. Hilo la mwisho ni la lazima, kwani kurunzi yenye nguvu ikiwaka mfukoni inaweza kuunguza nguo.

Katika vikundi vya wapenzi wa kurunzi, wenzako wa zamani wengine hutawakuta, na vijana waliopo watakuwa wanajua mengi usiyoyajua. Wasalimu, sema ulikuwa wapi, kisha uliza swali lenye vipimo: betri yako inasoma volti ngapi, chaja ni ya aina gani, unataka kumulika umbali gani. Ulicho nacho cha kuwapa ni ujuzi wa kutunza, kama vile kusafisha hesi, kupaka pete za mpira grisi ya silikoni na kufungua swichi iliyokwama, mambo ambayo aliyeanza na kurunzi za kisasa pengine hajawahi kuyafanya. Ukitaka kumpa mtoto au jirani kurunzi uliyonayo ya ziada, mpe ya AA yenye betri za nikeli, si ya lithiamu isiyo na saketi ya kinga.

Kabla ya kuagiza kutoka ng'ambo, ujue kwamba tangu Aprili 2016 betri za lithiamu zilizo peke yake haziruhusiwi kusafirishwa kama mizigo ya biashara katika ndege za abiria, na ndiyo sababu mojawapo wauzaji wengi hutuma kurunzi tupu. Ndugu anayesafiri anaweza kukuletea za akiba ndani ya mkoba wa mkononi, kila moja katika kasha lake la plastiki, asiziweke katika begi linalokwenda chini ya ndege. Wakati unasubiri, mwombe mwenzako aliye karibu awashe yake na wewe uwashe yako mbele ya ukuta mweupe, kwa kiwango cha mwanga kinacholingana, kisha mlinganishe rangi ya viganja vyenu chini ya kila moja, ndipo uamue kama kweli unahitaji kununua.