Kinanda cha miguu cha usharika: msikiuze kwanza

Kaka, umesema kinanda chenu cha kukanyaga hapo Old Moshi kina noti zilizokufa na moja inayolia yenyewe, na kamati inataka kukiuza kama kuni. Subirini.

Vinanda vya namna hii havina mabomba hata kidogo. Aliyeviwekea hataza, Debain wa Ufaransa, mwaka 1842, alitumia ndimi za shaba zinazotetemeka upepo unapopita. Ndimi hizo hazifi kirahisi. Noti ikikaa kimya, mara nyingi ni vumbi au bawa la mdudu limenasa chini ya ulimi. Uvuteni taratibu kwa kindoano, upigeni brashi laini, urudisheni palepale ulipotoka. Mafuta msitie kabisa! Wala fundi asikwangue shaba ovyo: akikwangua ncha, sauti inapanda, akikwangua karibu na shina, inashuka.

Ile inayolia yenyewe ni kifuniko cha hewa hakifungi. Masika mbao huvimba, au springi imechoka.

Kazi yenyewe iko kwenye mivukuto, ile mifuko ya ngozi inayotoa upepo mpigaji anapokanyaga. Ngozi ikichanika, mpigaji anakanyaga mpaka jasho linamtoka na sauti haiji. Badilisheni ngozi, na mtumie gundi ya moto ya seremala, si ile ya kubandika viatu, maana fundi atakayekuja baadaye ataibanduaje?

Wamisionari Walutheri wa Leipzig, Ujerumani, walifika Kilimanjaro 1893, na huenda kinanda chenu ni cha enzi zao, kwa hiyo tazameni bamba la mtengenezaji kabla ya kugusa rangi.